Datsun kutoka Njoro hadi Tudor

Tangu Idi watu watatu wameniuliza swali moja: ile Datsun niliipata wapi, na niliifikishaje Mombasa ikiwa nzima? Nimechoka kueleza nikiwa barazani kahawa ikipoa, kwa hiyo naandika mara moja. Bei sitaitaja. Mke wangu anajua bei nyingine.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4 na kabureta mbili. Vijana wakisikia gari lenye misuli huwazia V8 za Marekani, nami sibishani nao. Hata hizo zilijaribu bahati huku: mwaka 1964 kampuni ya Mercury ilileta timu ya magari ya Comet kwenye mbio za Safari Rally, ushindi ukamwendea Peter Hughes na Ford Cortina GT. Lakini kwetu sisi ambao baba zetu walitupeleka Voi kusimama kando ya vumbi kila Pasaka, misuli ilikuwa Z. Edgar Herrmann alishinda nayo 1971. Shekhar Mehta akashinda nayo 1973, baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye pia akiwa kwenye Datsun. Baba alilisimulia jambo hilo la pointi mpaka tukawa tunammalizia sentensi.

Mtu wa kwanza atakuambia uagize Japani. Huwezi. Kenya hairuhusu gari kuukuu lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia, kwa hiyo ndoto ya kushusha Camaro ya 1969 pale Kilindini iache ilale. Gari la zamani utakalolipata ni lile lililoingia nchini zamani zake, nalo limejificha ghalani mwa mtu. Kwenye mitandao utakuta yaliyokwisha pakwa rangi na kupandishwa bei. Langu nililisikia kwa fundi mzee wa kabureta pale Nakuru, ambaye sikwenda kwake kutafuta gari. Nilikwenda kutafuta kipande cha pampu. Mafundi wa umri huo wanajua kila gari lilipolala, na pengine ndio waliolilaza.

Basi likawa Njoro, shambani kwa mama mmoja mjane, nyuma ya magunia ya ngano. Halijawashwa tangu 1996. Nilipoliona nilifanya kosa ambalo nakuomba usilifanye: nilikimbilia boneti. Nikafungua, nikaona kabureta zote mbili ziko mahali pake, moyo ukaniruka, na yule mama akaniona moyo ukiruka. Nafasi yangu ya kupunguziwa bei iliishia hapo.

Anza na karatasi. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ilikuwa ya marehemu mumewe, na maiti haitii sahihi. Mama alikuwa mkweli kabisa, aliniambia, "Kijana, chukua tu, ni lako, watoto wangu hawalitaki." Lakini radhi yake haikuwa hati. Mali ya marehemu hupita kortini: familia iombe usimamizi wa mirathi, wapewe hati, kisha kwa kawaida ingoje miezi sita kabla hati hiyo haijathibitishwa. Ikiwa familia ni ya Kiislamu na wote wameridhia, Kadhi anaweza kuisikiliza. Baada ya hapo ndipo msimamizi wa mirathi anaweza kulihamisha gari kwa jina lako kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Nilingoja miezi tisa. Nilitoa arbuni ndogo, tukaandikiana kwa wakili wa Nakuru, watoto wake wote wanne wakatia sahihi, hata yule aliyeko Ughaibuni. Kaka yangu alinicheka sana. Baadaye nilimwona mtu wa Mtwapa aliyelipa Peugeot 504 yote taslimu kwa "mtoto wa marehemu", kisha wakajitokeza watoto wengine wawili wa mke wa pili. Gari liko uani kwake, kesi iko kortini, na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Katika miezi hiyo tisa nilipanda Njoro mara mbili, na hizo safari mbili ndizo zilizoniokoa. Nilikwenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Unaipitisha kwenye bodi taratibu; penye bati inashika, penye fila, ile lipu ya kuficha bati lililooza, inateleza. Z huoza sehemu zinazojulikana: chini ya betri, sakafu ya miguuni, mihimili ya chini inayobeba sakafu, bati la mbele ya tairi za nyuma, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Injini usiihofu, injini hutengenezwa. Bodi iliyooza ndiyo itakayokufilisi, maana hapa Mombasa mafundi wa kunyoosha bodi wanaoweza kukata na kuchomelea mhimili ukabaki sawasawa nawahesabu kwa mkono mmoja, na vidole vinabaki. Linganisha pia nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye bati la nyuma ya injini, ile ya kibati cha kiwanda, na ile ya logibuku. Herufi HS30 mwanzoni zinakuambia ni 240Z ya usukani wa kulia. Tarakimu moja ikipishana, rekebisha kabla ya kutoa shilingi.

Halafu kuna hadithi. Kila Datsun nchini iliwahi kuendeshwa na Mehta, ukiwasikiliza wauzaji. Magari ya timu ya kiwanda yalikuja yakiwa na nambari za Japani, kwa hiyo ukiambiwa gari lililosajiliwa Kenya tangu siku lilipotoka dukani ndilo lililoshinda 1973, mshukuru aliyekuambia, umalize chai yako, uende. Lakini madereva wa huku waliojigharamia walikuwa wengi, na magari yao yana alama zisizodanganya: matundu sakafuni ya kufungia kizimba cha mabomba cha kumkinga dereva, mistari ya kuchomelea iliyoongezwa pale bati zinapokutana juu ya springi, mashimo ya bamba la chuma lililolinda tumbo la injini. Langu lina yote hayo, pamoja na waya wa taa ya kusomea ramani uliokatwa upande wa abiria. Lilishinda nini? Halikushinda kitu. Mama ana picha tatu za mumewe akiwa ameliinamia tope likimfika magotini, na hizo picha niliziomba nakala kabla hata ya kuuliza bei ya mwisho. Kwa gari la namna hii, picha ni sehemu ya gari.

Malipo ya mwisho nilifanya kwa benki. M-Pesa haitakufaa, kwani muamala mmoja hauvuki shilingi 250,000, na hata ungeweza, unataka karatasi yenye mhuri.

Sasa safari, na hapa ndipo watu wanapoharibu kilichokwisha nunuliwa vizuri.

Usiliendeshe. Najua unataka, hata mimi nilitaka. Niliota nikiteremka Mazeras na kioo kimefunguliwa. Mipira ya breki iliyokauka tangu 1996 haiwezi kukushusha kutoka nyanda za juu hadi baharini. Hata kuiwasha injini tu pale ghalani ni hatari. Tulitoa plagi zote sita, tukamimina mafuta kidogo kila silinda, tukaacha siku nzima, kisha fundi akaizungusha kwa mkono na spana. Ilizunguka. Tukaishia hapo. Petroli iliyokuwa ndani ya tangi ilinuka kama rangi ya zamani. Itoe yote, na betri iache nyuma.

Bredauni, yaani lori la kubeba magari mabovu, ya kukodi kutoka Nakuru hadi Mombasa ingenigharimu mno, kwa sababu unalipia pia inavyorudi. Siri, kama ni siri, iko bandarini kwetu: trela hupanda bara zimejaa na nyingi hushuka tupu. Nilimtafuta mwenye trela aliyekuwa amepeleka mbolea Nakuru, nikazungumza na yeye mwenyewe, si na dereva peke yake. Dereva akikubebea kwa siri utalipa kidogo, lakini likitokea la kutokea, hakuna anayekujua. Muulize pia kuhusu bima ya mzigo njiani. Bima ya trela ya kawaida inaangalia watu wa tatu barabarani. Gari lako lililo mgongoni pake hailiangalii. Niliikata bima ya safari hiyo moja, nikapiga picha kila upande wa gari mbele ya dereva, naye akatia sahihi.

Tatizo la trela ni urefu. Sakafu yake inanifika kifuani. Tulijaribu mbao mbili za mninga zilizokuwa pale shambani, na gari likiwa nusu njia moja ikalia. Ilikuwa sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja kidole. Watu wanane tulilishikilia Datsun kwa mabega huku mama akisoma Zaburi kwa sauti. Tukalirudisha chini. Jirani mmoja mwenye ghala la nafaka akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini hatukuja kwake tangu asubuhi, maana ana jukwaa la kupakilia lililo sawa na sakafu ya lori. Dakika kumi tu tukawa tumemaliza. Kabla hujaenda kuchukua gari, tafuta jukwaa hilo huko, na ujue utakaposhushia huku.

Tairi zake zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Yule fundi wa kabureta alituazima magurudumu manne ya Datsun 1600 SSS yake. Nati nne, nafasi zilezile, yakaingia. Bila magurudumu hayo tungeliburuta.

Tanboi, yule utingo wa trela, alitaka kurusha kamba juu ya paa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hapana." Gari kama hili lifunge kwa magurudumu, mkanda mmoja kwa kila tairi, na vigogo vya mbao mbele na nyuma. Ukifunga bodi, springi zinacheza kila shimo, mikanda inalegea, na kufika Mtito Andei gari linatembea lenyewe juu ya trela. Turubai pia nilikataa. Turubai linalopigwa na upepo kilomita mia sita linasugua rangi kama msasa. Tulifungia vioo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, basi. Simama baada ya nusu saa za kwanza ukaze upya. Sisi tulipofika mzani wa Gilgil, mkanda mmoja ulikuwa umelegea.

Njia tuliyopita ni ya malori, Mai Mahiu kisha Limuru, mzani wa Mlolongo, kisha barabara kuu. Tulisafiri mchana tu. Makindu tulikula kwenye hekalu la Makalasinga, kama madereva wengi wanavyofanya, na mzee mmoja wa pale alitoka nje akalizunguka gari mara mbili bila kusema neno. Polisi walitusimamisha zaidi ya mara sita. Weka nakala za mkataba, logibuku na kitambulisho cha muuzaji kwenye bahasha moja mkononi mwako, maana utaulizwa. Wengi wao, baada ya karatasi, walitaka picha. Mackinnon Road dereva wetu, Mkristo wa Machakos, alipunguza mwendo na kupiga honi mbele ya msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali. Nilimuuliza. Akasema hajawahi kupita bila kupiga honi na hana mpango wa kuanza leo akiwa na mzigo wangu.

Trela haiwezi kuingia vichochoro vya Tudor, mtaani kwangu. Tulishushia Miritini kwenye yadi yenye jukwaa, tukahamishia bredauni ndogo yenye kitanda cha kuinama, tukavuka Makupa usiku magari yakiwa yamepungua. Kipande hicho kifupi kilinigharimu karibu robo ya gharama yote. Kihesabu mapema.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni hili: Datsun ile ilidumu kwa sababu haikuwahi kuishi Mombasa. Ilikaa kwenye hewa ya baridi ya Njoro, mbali na chumvi, na mimi nimeitoa huko nikaileta mita mia mbili kutoka mkono wa bahari. Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla ya kugusa injini, tulilipandisha kwenye stendi, tukaliosha tumbo kwa maji matamu, tukaliacha likauke siku mbili, na fundi akanyunyiza mafuta ndani ya mihimili na milango kupitia matundu yake yote. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yaliyoziba na vumbi la ngano tukayazibua. Silifuniki kwa plastiki, inatunza unyevu kama sufuria lenye kifuniko. Nalifunika kwa leso tano kuukuu zilizoshonwa pamoja, na wakati wa kusi nalifunua kila asubuhi lipate hewa. Kila miezi mitatu nalala chini yake na tochi.

Kaka yangu anashikilia kwamba lingebaki Njoro, mimi nikawa napanda kulitembelea. Jumamosi iliyopita, nikiwa na tochi, niliona doa la kutu ukingoni mwa mlango wa kushoto, dogo, halizidi shilingi moja. Bado sijamwambia.