Modeli inakubali mvua nne, ya tano inaikataa: angalia kwanza mpira wa kunyonyea sampuli

Mkuu, umeuliza kwa nini SWMM yako, ile modeli ya kompyuta ya maji ya mvua mijini na uchafu wake, inafuata vizuri vipimo vya tope kwa mvua nne, halafu mvua ya tano, iliyokuja baada ya ukame mrefu, modeli inatoa karibu mara tatu ya ulichopima. Nimepita hapo hapo. Nilipoteza miezi mitano nikichezea vigezo kabla sijakubali kuingia kwenye bomba na tochi.

Eneo langu lilikuwa hekta 12 za makazi na barabara za lami, maji yote yanatokea bomba moja. Tulifunga mashine ya kuchota sampuli, ile ya chupa 24. Nikapata mvua nne nzuri, nikarekebisha vigezo vinne: ukomo wa uchafu kurundikana, kasi ya kurundikana, mgawo wa kuosha na kipeo chake. Vigezo vinne kwa mvua nne! Hapo hata modeli ya hovyo ingependeza. Mvua ya tano ikaja baada ya siku 19 kavu, modeli ikatabiri tope zito, chupa zikatoka na maji ambayo ungeweza kusoma maandishi kupitia upande wa pili.

Nilichokikuta ndani ya bomba: kichujio cha mpira wa kunyonyea kilikuwa kimelala sakafuni, nusu kimefukiwa na mchanga. Kwa mvua nne mashine ilikuwa inanyonya mchanga unaoburuzwa chini, si maji yanayopita. Kabla ya ile ya tano takataka zilikuwa zimeunyanyua mpira, ukachota katikati ya mkondo. Kwa hiyo mvua niliyotaka kuitupa ndiyo pekee iliyopimwa sawasawa. Na maabara nayo ilikuwa na lake: fundi alikuwa anachukua kiasi kidogo kwa pipeti kutoka chupa ambayo mchanga umeshatuama. Nilipomwomba achuje chupa nzima, namba za chupa zenye mchanga zilibadilika kabisa.

Hata vipimo vikiwa safi, usiziamini sana siku za ukame. Wazo la uchafu kurundikana na kuoshwa linatokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Sartor na Boyd ya mwaka 1972, waliopima uchafu wa barabara za miji ya Marekani. Uchafu unaongezeka haraka siku za mwanzo, kisha kasi inapungua mpaka unakaribia ukomo, kwa sababu upepo na matairi yanausukuma pembeni. Halafu mvua ya kawaida haifuti barabara mpaka sifuri, inachukua sehemu tu. Siku ya 19 inaweza isiwe tofauti na siku ya 8. Ile 0.18 kwa milimita ambayo watu wanainakili kama kigezo cha kuosha imetoka kwenye dhana kwamba mtiririko wa milimita 12.7 kwa saa moja unaondoa asilimia 90 ya uchafu. Ni dhana, hakuna aliyeipima kwenye barabara yako.

Sasa swali langu kwako: unataka nini hasa? Kama ni mzigo, yaani jumla ya uchafu unaotoka kwa mwaka au kwa msimu, achana na kurundikana. Tumia wastani wa tukio, kwenye vitabu utauona kama EMC: gramu zote za mvua moja ugawanye kwa ujazo wote wa maji yake. Namba hizi zikipangwa kwa mvua nyingi huwa na mkia mrefu upande wa juu, kwa hiyo chukua logariti kwanza. NURP, mradi wa Marekani wa kupima maji ya mvua mijini, 1978 hadi 1983, ulipata namba ya kati (median) ya takriban miligramu 100 za chembe ngumu kwa lita, na mikrogramu 160 za zinki. Ya madini ya risasi ilikuwa mikrogramu 144, lakini hiyo usiiguse, ni ya enzi za petroli yenye risasi.

Hesabu yenyewe ni ya Excel. Ukiwa na asilimia 60 ya eneo lisilopitisha maji, fomula ya Schueler ya 1987 inakupa sehemu ya mvua inayotiririka: 0.05 + 0.9 × 0.6 = 0.59. Milimita 20 juu ya hekta 12 ni mita za ujazo 2,400; zinazotiririka ni 1,416. Miligramu kwa lita ni sawa na gramu kwa mita ya ujazo, basi kwa 100 unapata kilo 142. Ila hapo umetumia namba ya kati, na kwa mzigo unahitaji wastani: mtawanyiko (standard deviation) ukiwa sawa na wastani wenyewe, zidisha kwa 1.41, unafika kilo 200. Watu wengi wanasahau hatua hii, kisha wanashangaa bwawa la kupokea maji hayo kujaa tope mapema.

Kama unataka kujua uchafu unavyobadilika ndani ya mvua moja, upi unapita kwanza na upi mwisho, hapo ndipo kurundikana na kuoshwa kuna maana. Ila si kwa kila kichafuzi. Zinki ya mabati haikai pale kama vumbi ikisubiri kufagiliwa. Bati linaliwa taratibu na maji yanaendelea kuichukua mvua nzima. Nilipoilazimisha iwe kama tope, ilikuwa inaisha dakika ya 20, wakati chupa ya 24 bado inayo.

Kwa hiyo mvua ya tano usiitupe. Ingia bombani ukaangalie kichujio kimekaa sentimita ngapi kutoka sakafuni, uulize maabara wanachuja chupa nzima au wanachota, halafu weka hapa vipimo vya mvua zote tano pamoja na mtiririko wake tuviangalie.