Kilwa Kisiwani: mkodi mwongozaji wako mwenyewe, tena kwa siku nzima

Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale kwenye pwani ya kusini ya Tanzania, si mahali pa kwenda na kundi. Nimekwenda na kundi, nikaenda tena na mwongozaji niliyemkodi mwenyewe, na kama una uwezo wa kuchagua, ushauri wangu ni huo wa pili. Lile kundi letu lilipitishwa kwenye magofu kama wapangaji wanaoonyeshwa vyumba: huu msikiti, hili gereza, pigeni picha, twendeni, boti inasubiri. Kwa mji uliowahi kushika biashara ya dhahabu kutoka Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, na kupiga sarafu zake wenyewe, ni dhambi.

Wengi wanaogopa gharama, kwa hiyo tuanze na hela. Malipo ni ya mambo matatu: kibali na kiingilio, mwongozaji, na chombo cha kuvukia. Ukipewa bei moja ya jumla, omba ichambuliwe. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, na hulipwa kwa kichwa. Chombo na mwongozaji ndivyo vinavyouma mfuko, lakini hivyo unavikodi vizima, muwe wawili au watano. Familia moja au marafiki wanne wakichanga, gharama inakaribia ile ya kundi, na siku inakuwa yenu. Dai risiti ya serikali kwa kiingilio, na mpatane mapema kama bei ya chombo ni ya kwenda na kurudi, na kama nahodha atawasubiri kutwa.

Kibali kinachukuliwa Kilwa Masoko, mji ulioko bara ukitazamana na kisiwa, mwendo wa kilomita kama 300 kusini mwa Dar es Salaam. Siku hizi magofu yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mimi huchukua kibali siku moja kabla, kwa sababu ofisi inafunguliwa saa za kazi, ila bahari haifuati saa za ofisi.

Na hapo ndipo watu wa Dodoma na Arusha wanapokwama. Siku ya Kilwa inapangwa na maji. Maji yakijaa, chombo kinakuteremsha karibu kabisa na pwani. Yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, chombo kinakaa mbali nawe unatembea kwenye tope na mawe huku umeshika viatu mkononi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize mwongozaji, “Maji yanajaa saa ngapi kesho?” Anayejibu papo hapo bila kumpigia mtu simu, huyo ni mtu wa pale. Kumbuka pia kwamba saa za maji zinasogea kwa kama dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya rafiki yako aliyekwenda wiki iliyopita haikufai.

Omba akuongoze kwa Kiswahili. Sisi tukishaona mtu amevaa kitambulisho cha utalii, tunakubali tu maelezo aliyoyakariri kwa ajili ya Wazungu, kisha tunatafsiriwa. Usikubali. Mwongozaji wangu alikuwa na maelezo yake ya Kiingereza yaliyonyooka kama kanda ya redio. Tulipohamia Kiswahili akaanza kusimulia: bibi yake alikataza watoto kucheza wapi, kisima kipi maji yake ni matamu, kaburi lipi watu bado wanaliwekea nadhiri. Hayo hayapo kwenye kibao chochote cha maelezo.

Wengi huanzia Gereza kwa kuwa liko pale pale unaposhuka. Ni ngome ambayo Wareno waliijenga mwaka 1505 walipouteka mji, wakaiacha mwaka 1512, na hiyo unayoiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya baadaye ya Waomani. Iache kwanza. Ni nzuri kwa picha, haikimbii, na utaipitia wakati wa kurudi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mwambie mwongozaji mwende moja kwa moja Husuni Kubwa, upande wa mashariki, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ni mwendo mzuri kidogo kwa miguu, na ndiyo sababu makundi hulipitia haraka au huliruka kabisa.

Husuni Kubwa lilikuwa jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia moja. Jina lake lilikutwa limechongwa kwenye jiwe humo humo. Kuna birika la kuogelea lenye pembe nane, ua mkubwa ambao wanaakiolojia wanauhusisha na biashara, na ngazi za kuteremkia baharini. Kaa hapo. Mwombe mwongozaji akuonyeshe maji ya birika yalitokea wapi, mizigo ilipandia wapi, nani aliruhusiwa kuingia ndani kabisa na nani aliishia uani. Ukiwa naye peke yako unaweza kuuliza swali moja mara tatu bila mtu wa nyuma kuguna. Sisi tulikaa hadi nikaanza kuona jinsi mfanyabiashara alivyopanda kutoka chomboni akiwa na shaba au vyombo vya udongo kutoka Uchina, akasubirishwa, akapimwa macho. Karibu na hapo kuna Husuni Ndogo, boma la mstatili ambalo wataalamu bado wanabishana lilikuwa la nini. Msikilize mwongozaji atachagua hoja ipi, umuulize kwa nini.

Msikiti Mkuu nao una habari yake. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 au ya 12, na sasa iko wazi juu. Sehemu ya kusini, yenye nguzo, matao na kuba, iliongezwa na yule yule al-Hasan, ikaja kujengwa upya katika karne ya 15 baada ya kuanguka. Simama pale zinapokutana, uone jinsi uashi unavyobadilika. Vyote ni mawe ya matumbawe na chokaa.

Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika hapa mwaka 1331. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, lakini akaandika kwamba nyumba zake ni za miti na paa za makuti au matete. Sasa haya mawe? Hilo swali nilimtupia mwongozaji, naye hakubabaika. Alinionyesha nyumba za kijiji zilizopo leo, za miti na udongo, akasema watu wengi hata enzi hizo waliishi hivyo, mawe yalikuwa ya wenye nacho. Ni jibu zuri kuliko mengi niliyoyasoma. Ibn Battuta anasimulia pia kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, akapewa, na sultani akaongeza zawadi ya watumwa 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Waongozaji hupenda kuisimulia kama hadithi ya ukarimu. Muulize habari za wale kumi.

Maana kuna jambo ambalo kwenye kundi halizungumzwi, kwa kuogopa kuwaharibia watu likizo. Ukifika Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18 lenye kuta nene, uliza kuhusu mkataba wa mwaka 1776, ambamo sultani wa Kilwa alimwahidi Morice, mfanyabiashara wa watumwa wa Kifaransa, watumwa 1,000 kila mwaka. Mwongozaji mzuri hatabadili mada. Ukiwa naye pembeni, bila umati, mtaongea kama watu wazima.

Kipimo changu kingine ni hadithi ya asili ya mji. Masimulizi yanasema Ali bin Hassan, mwanzilishi wa ukoo wa masultani, alitoka Shiraz huko Uajemi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, kisha akachimba mkondo ili aliyemuuzia asiweze kurudi kwa miguu maji yakipwa. Hadithi tamu. Lakini uchimbaji wa akiolojia umeonyesha watu wakiishi kisiwani, wakivua na kufua chuma, kabla majengo ya mawe hayajaanza. Anayekupa hadithi peke yake amekupa nusu, na anayeikejeli hadithi naye hajakutendea haki. Ukipata wa kukupa vyote viwili, mwongeze kitu.

Adabu za kawaida zinatosha: kisiwa kina wakazi, misikiti na makaburi, si uwanja wa picha. Funika mabega na magoti, kanga moja inamaliza kazi. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Vigae vya vyombo vya kale utavikanyaga njiani. Viache vilipo, kuvichukua ni kosa kisheria, tena kigae kikishaondoka mahali pake hakimwambii mtafiti chochote. Sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo watu wanaumiza vichwa zilifikaje, kwa sababu hakuna aliyeandika zilivyokuwa zimelala.

Chakula agiza kabla ya kuanza kuzunguka, la sivyo utaambulia biskuti. Maji ya kunywa beba kutoka Masoko, na kofia pia, kwa sababu kati ya Husuni na msikiti kuna sehemu zisizo na kivuli.

Atakayekuuzia “Kisiwani na Songo Mnara kwa siku moja”, mkatalie kwa upole. Songo Mnara iko kusini zaidi, nayo iko pamoja na Kisiwani kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Nyumba zake za mawe zinastahili siku yake, na kuifikia kunategemea maji kuliko hata Kisiwani, maana unaweza kujikuta unapita kwenye mikoko maji yakiwa magotini. Lala Masoko usiku mwingine, mwulize mwongozaji yule yule maji ya kesho yakoje, mpatane bei mpya.