Mzio mkali wa dawa: kubadilishiwa vidonge hakutoshi, taarifa itolewe

Dada, pole kwa kuuguza. Umesema kaka yako alibabuka ngozi na kutoka vidonda mdomoni alipokuwa akimeza antibiotiki ya Septrin, kituo kikamwachisha dawa na kukwambia yamekwisha, nawe unauliza kama kuna haja ya kutoa taarifa. Haja ipo, tena kubwa. Mimi ni muuguzi huku Busia, upande wa Uganda, na wagonjwa wa aina hiyo nimewahudumia.

Upele mwepesi wa kuwasha ni jambo la kawaida. Ukija pamoja na homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, malengelenge na ngozi inayouma ukiigusa, huenda ni sindromu ya Stevens-Johnson, yaani mzio mkali unaobabua ngozi na utando wa mdomo na macho: dawa isimamishwe na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi hutokea kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu kuanza dawa, ndiyo maana watu wanapotea njia. Mtu amemeza wiki mbili salama, akibabuka anasema ni surua, au karogwa. Dawa zinazojulikana kwa hili ni za salfa kama Septrin, nevirapini ya VVU, kabamazepini na fenitoini za kifafa, na alopurinoli ya jongo. Mwenye VVU yuko hatarini zaidi.

Kinachotukwamisha huku ni jina la dawa kupotea. Mgonjwa anakuja na lile daftari la shule tunaloandikia matibabu, ndani mna "upele, dawa imebadilishwa". Dawa ipi? Hakuna. Vidonge vilinunuliwa dukani vikafungwa kwenye kibahasha kisicho na maandishi, ukimuuliza anakujibu, "Zile nyeupe, kubwakubwa." Hapo hakuna taarifa ya kumpelekea mtu yeyote. Na akipewa tena dawa ileile, mwili huweza kupambana nayo kwa kasi na ukali kuliko mara ya kwanza, hata akafa. Kwa hiyo mimi huandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada: jina la dawa, tarehe, na kilichompata. Juu ya jalada, kwa sababu foleni ikiwa ndefu hakuna anayefunua kurasa za nyuma. Kisha namtajia jina hilo yeye na ndugu aliyemleta, mpaka nao walitaje.

Taarifa yenyewe inakwenda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, Kampala. Uganda imo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kufuatilia madhara ya dawa tangu 2007, na taarifa za nchi zote hukusanywa Uppsala, Sweden. Yanatakiwa mambo manne tu: mgonjwa anayetambulika, dawa inayoshukiwa, kilichotokea, na anayetoa taarifa. Uhakika hauhitajiki, shaka inatosha. Wenzangu wengi hawaandiki wakihofia kuulizwa nani kakosea. Hofu hiyo inatugharimu, kwani fomu haimtafuti mkosaji.

Dhara linalompata mmoja kati ya maelfu ni rahisi kutoonekana kwenye majaribio ya dawa. Huonekana visa vikijumlishwa. Thiasetazoni ilikuwa dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu. Mwaka 1991 watafiti wa Nairobi walionyesha jinsi ilivyowababua wagonjwa wenye VVU, wengine wakafa. WHO ikashauri wasipewe, na ethambutoli ikashika nafasi yake. Ushahidi ulitoka kwenye wodi za huku kwetu.

Basi rudi kituoni na daftari la kaka yako. Omba waandike jina la dawa, tarehe aliyoanza na tarehe alipobabuka; boksi likiwepo, na nambari ya toleo. Wakisema hawana fomu, ndugu wa mgonjwa anaruhusiwa kuwaarifu NDA mwenyewe. Na kwenye jalada, chini ya Septrin, waongeze Fansidar (SP), dawa ya malaria, maana nayo ina salfa na madukani bado inauzwa.