Maswali yenu: patenti za dawa za kolesteroli

*Kuna jamaa hapa Kirumba anauza dawa ya chupa ya kuyeyusha mafuta kwenye mishipa, anasema ina patenti. Ninunue?*

Usinunue kaka. Swali hili mnalileta kila mara jamani! Patenti inasema nani ana haki ya kutengeneza na kuuza, haisemi kama dawa inatibu. Kampuni ya Pfizer walikuwa na patenti ya dawa ya torcetrapib, ikapandisha kolesteroli nzuri kweli, ila Desemba 2006 wakasimamisha majaribio sababu waliopewa walikufa wengi kuliko wasiopewa. Huyo wa chupa muulize usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa Tanzania) au wa Baraza la Tiba Asili, akianza kukuzungusha ondoka.

*Mimi wa Igoma, nimepewa atorvastatin ya India bei rahisi, ni feki?*

Rahisi siyo feki mama. Patenti ya Lipitor, yaani atorvastatin ya kwanza yenye jina la kampuni, iliisha Marekani Novemba 2011, viwanda vingine vikaingia na kiambato kilekile ndo maana bei ikaanguka. Shika boksi, chini ya lile jina kubwa la biashara kuna maandishi madogo, atorvastatin 20 mg au 40 mg, hiyo ndo dawa yenyewe, linganisha na alichoandika daktari. Feki zipo pia, kwa hiyo nunua duka lililosajiliwa, siyo kwa wanaopita na begi stendi.

*Vipimo vimeshuka, niache vidonge?*

Hapana. Vimeshuka sababu unameza.

*Nipo Nyegezi, nimesikia kuna sindano ya kolesteroli ya mara mbili kwa mwaka, tutaipata lini kwa bei yetu?*

Hiyo ni inclisiran ya Novartis, Ulaya waliipitisha Desemba 2020, unachomwa, baada ya miezi 3 tena, halafu kila miezi 6. Utafiti na patenti vimehamia huko, kwenye PCSK9, protini inayozuia ini lisiondoe kolesteroli mbaya kwenye damu. Kampuni ya Amgen walionyesha kingamwili (protini za kinga zinazotumika kama dawa) 26 tu wakataka haki ya zote zinazoizuia, Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakatalia Mei 2023 kwenye kesi yao na kampuni ya Sanofi, na ni sawa kabisa, huwezi kuvua sato wachache ukadai ziwa zima. Sisi Tanzania kama nchi maskini, WTO (Shirika la Biashara Duniani) haitulazimishi kulinda patenti za dawa mpaka Januari 2033, lakini ruhusa peke yake haitengenezi sindano, inataka kiwanda na wataalamu, na hilo wakubwa wetu walitakiwa wawe wanalihangaikia tangu juzi. Wakati unaisubiri endelea na statini (vidonge vya kundi la atorvastatin) uliyoandikiwa. Na presha je, umepima?