Ukiwa Lusaka: wikendi ya kawaida nenda Siavonga, Livingstone isubiri kidogo

Kila ikikaribia Julai simu zinaanza. Shemeji yangu yuko Ndola, mdogo wangu yuko Dar, kuna na vijana wa Tunduma tunaofanya nao kazi, wote swali lao moja, "kaka nina siku mbili hapa, nataka nikaone yale maporomoko ya Victoria, inakaaje?" Na mimi jibu langu kila mwaka ni lilelile, kwa siku mbili nenda Siavonga, kule Ziwa Kariba, na kila mwaka hawalisikii, wanaenda Livingstone kwenye maporomoko, wanarudi Jumapili usiku wamechoka kama waliotoka kubeba simenti, ndo wananipigia tena kulalamika. Sasa nimeona niandike mara moja, mtu akipiga namtumia hii asome.

Mi niko Lusaka mwaka wa tisa huu, kazi yangu kufuatilia mizigo inayotoka bandari ya Dar kwenda Kongo na huku kusini, kwa hiyo barabara nazihesabu kwa masaa, kilometa siziamini. Lusaka mpaka Livingstone ni kama kilometa 480 hivi. Mtu wa Bongo anasema aah, hiyo si Dar Dodoma tu. Sawa, ni Dar Dodoma, lakini nani anaenda kutembea Dodoma Jumamosi akarudi Jumapili? Kwa gari dogo weka masaa sita, kwa basi weka saba, maana kuna matuta, kuna matrela, kuna tol geti, kuna trafiki. Ukichomoka saa kumi na moja alfajiri unaingia Livingstone mchana kiuno kinauma, unakula, unaoga, jua linazama. Jumapili saa tano ushaanza kurudi, kwa sababu kuendesha usiku kwenye ile barabara sikushauri hata kidogo. Umelipa hela ya siku mbili umepata jioni moja na kipande cha asubuhi.

Livingstone inataka siku tatu, nne ikiwezekana, na bahati nzuri Wazambia wenyewe wanatupa. Jumatatu ya kwanza ya Julai ni Heroes Day, kesho yake Unity Day, ukiunga na wikendi yake ni siku nne mfululizo. Agosti tena Jumatatu ya kwanza ni sikukuu ya wakulima, hapo siku tatu. Hizo ndo za Livingstone. Ila buku mapema, sio wiki ile ile, Lusaka nzima inahamia huko.

Na kitu cha pili ambacho watu hawaulizi kabisa, maji. Mara yangu ya kwanza nilienda mwisho wa Oktoba, nimemshawishi mama watoto wiki nzima, nimemwonyesha mapicha. Tukalipa getini upande wa Zambia, tukashuka na kile kinjia, joto la kukaanga yai, tunatokea pale mbele, ukuta wa mawe. Mkavu. Kule mbali upande wa Zimbabwe kuna maji yanamwagika, hapa mbele yetu jiwe jeusi tu na vinyasi vimeota. Mama watoto akaniangalia, akaliangalia jiwe, akaniuliza taratibu, "baba watoto, hawa nao wana mgao?"

Kumbe ndivyo ilivyo kila mwaka. Yale maporomoko ni mapana, mita 1,708, na urefu wa kwenda chini kama mita 108, sasa mto Zambezi ukipungua maji yote yanakimbilia kwenye mikondo ya chini ambayo iko zaidi upande wa Zimbabwe, na huku Zambia kwenye Oktoba na Novemba panabaki mwamba. Kipindi hicho ukitaka maji vuka daraja uende upande wa pili. Basi mwaka uliofuata nikajifanya mjanja, nikaenda Aprili mto umejaa, hapo nako nikakutana na kitu kingine, moshi wa maji mpaka huoni hata hayo maporomoko yenyewe, unasikia ngurumo tu na mvua inakupiga kutoka chini kwenda juu, sijawahi kuona mvua ya namna hiyo. Simu yangu ilikufa pale kwenye kile kidaraja chembamba, Knife-Edge, na ilikuwa mfukoni. Pale mlangoni wanakodisha makoti ya mvua, kodi, usione aibu, na simu ifunge kwenye mfuko wa nailoni.

Ndo maana nasema Julai. Maji bado mengi, moshi umepungua, unaona vizuri kutoka pande zote. Baridi tu, na watu wa Dar hawaniamini kwenye hili, wanakuja na fulana wakidhani Afrika yote ni joto. Lusaka Juni na Julai asubuhi unatoa mvuke mdomoni. Beba sweta.

Oktoba nayo haijawa ya kutupa, msinielewe vibaya. Maji yakiwa kidogo ndo unaweza kwenda kile kisiwa kilichoko katikati ya ukingo na kuingia kwenye Devil's Pool, kile kidimbwi unachoogelea ukingoni kabisa, maji yakijaa hawaruhusu. Mi siingii, nina watoto. David Livingstone mwenyewe, yule Mzungu msafiri, huyuhuyu wa Ujiji kwetu, alipofika hapo ilikuwa Novemba 1855, na ndo maana mtumbwi uliweza kumfikisha kwenye kile kisiwa akachungulia chini. Angekuja Aprili angeishia kusikia ngurumo kama mimi.

Nyani sasa. Kwenye vile vinjia kuna nyani na hawana mchezo. Safari ile ya Aprili mke wangu alikuwa na mfuko wa nailoni, ndani chapati tumefunga kwenye foili, akaja dume moja taratibu kabisa kama mtu anayekwenda dukani kwake, akaushika mfuko, akauvuta, akakaa mita tatu kutoka tulipo. Akafungua ile foili kwa utaratibu, hakuichana. Akala chapati zote nne, achari akaionja kidole kimoja akaitupa. Mlinzi alikuwepo, akasema tu "ba mayo", yaani mama, "mfuko wa nailoni hapana, begi la mgongoni". Hilo ndo funzo, chakula kisionekane.

Ukiwa na siku ya tatu pale, toka asubuhi nenda Kazungula, haizidi saa moja na kitu, vuka uingie Kasane upande wa Botswana, upande boti kwenye mto Chobe. Tembo kule sio wa kutafuta, wanakuja kunywa maji makundi kwa makundi wewe umekaa na soda yako. Mi Kazungula naijua kwa mengine, nimewahi kuwa na madereva waliokaa pale siku na siku wakisubiri pantoni, gari moja moja, joto, mbu. Daraja lilipofunguliwa Mei 2021 nilifurahi kama limejengwa kwetu. Ukipita angalia, limepinda, lina urefu wa mita 923 na limepindishwa makusudi lisiguse upande wa Zimbabwe. Pasipoti usisahau, na kadi ya njano ya chanjo mi hubeba siku zote hata pale isipoulizwa, haina uzito. Kama unaishi Zambia beba na kibali chako cha ukazi, bei ya getini mara nyingi ni tofauti kwa mwenyeji, mkazi na mgeni, na ukikiacha nyumbani utalipa ya mgeni huku unajionea.

Haya, hiyo ni Livingstone. Sasa wikendi ya kawaida, ile ya Jumamosi na Jumapili kavu, nenda Siavonga. Ni ziwani, Kariba, masaa matatu hivi kutoka Lusaka ukiwa na akili. Unashuka Kafue Road, unapita Kafue mjini, unavuka mto, pale Turnpike njia ya Livingstone inaachana na ya Chirundu, wewe shika ya Chirundu, halafu kabla hujafika Chirundu kuna njia ya kulia ya kwenda Siavonga.

Nimesema ukiwa na akili kwa sababu mi mara ya kwanza sikuwa nayo. Tulitoka Ijumaa saa kumi na moja jioni, tena mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, Kafue Road imefungana mpaka Shimabala, tunafika kwenye ule mteremko wa milima giza limeshaingia. Jamani ule mteremko. Kona juu ya kona, malori yanashuka kwa gia ya kwanza, mengine taa za nyuma hakuna, harufu ya breki inaingia ndani ya gari na watoto wanauliza nini kinaungua. Mi natuma malori njia hiyo kila wiki, nawasisitiza madereva wasishuke usiku, halafu niko mwenyewe na familia nyuma ya trela la shaba. Tukafika saa tano usiku, na loji tuliyobuku wakatuambia chumba wamempa mtu mwingine kwa kuwa tulichelewa. Tulilala wanne kwenye kitanda kimoja cha gesti ya pembeni. Tangu hapo naondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, saa mbili au saa tatu nakunywa chai naangalia ziwa, na Jumapili saa saba mchana nimeshafunga mabegi. Na loji napiga simu Ijumaa mchana kuuliza, "chumba changu kipo?" Tena nauliza na umeme. Ukame wa 2024 ulilishusha lile ziwa vibaya, na umeme wa Zambia kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mabwawa, hili likiwemo, kwa hiyo kichekesho chenyewe ni kwamba unaweza kulala gizani unaliona bwawa la umeme dirishani. Uliza kama wana sola au jenereta.

Siavonga hakuna cha kukimbizana nacho na ndo uzuri wake. Unapanda boti jioni. Unaenda kuangalia ukuta wa bwawa, mita 128 kwenda juu, umekamilika 1959, na ukisimama pale ukawaza kwamba watu kama 57,000 wa Kitonga walihamishwa kwenye ardhi yao maji yapande, unakaa kimya kidogo. Wazee wao wanasema mungu wa mto, Nyaminyami, kichwa cha samaki mwili wa nyoka, alikasirika, na kweli mafuriko ya 1957 na 1958 nusura yabebe kila kitu. Vinyago vyake wanauza barabarani, mi ninacho kimoja mezani kazini. Kuogelea, ogelea bwawa la loji, ziwani kuna mamba na sio hadithi. Dawa ya mbu pakaa. Oktoba usiende na watoto, joto la kule bondeni halisemeki.

Ila kilichonifanya niipende Siavonga ni taa. Usiku wa kwanza ule wa balaa, watoto wamelala, nikatoka nje nikaona ziwani taa zimejipanga, moja, kumi, thelathini, nikasema mbona hapa ni Kigoma. Mi mtoto wa Ujiji, nimekua naziangalia taa kama zile kila usiku wa giza. Asubuhi nikamuuliza mzee mmoja mvuvi, akacheka, akasema zile ni taa za kuvulia kapenta, dagaa hawa, na wametoka kwenu. Na ni kweli, walipandikizwa Kariba 1967 na 1968 kutoka Ziwa Tanganyika, kabla ya hapo hawakuwepo. Sasa kama unataka kuziona hizo taa, angalia kalenda ya mwezi kabla hujabuku, nenda mwezi ukiwa haupo, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala kama ilivyo kwetu. Livingstone ni kinyume chake, kule nenda mwezi mpevu, hifadhi wanaifungua usiku na maji yakiwa mengi unaona upinde wa mvua wa mbalamwezi.

Mwaka jana mama alikuja kutoka Kigoma, miaka sabini na kitu, nikampeleka. Maporomoko hakutaka hata kuyasikia, "maji yanayoanguka nitayafanyia nini". Siavonga alikubali. Jumamosi mchana wakatuletea sahani ya kapenta wa kukaanga na nshima, ugali wetu tu ule wa sembe ila laini kidogo. Mama akamshika mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza, akamsogeza karibu na macho.

"Huyu lumbu huyu," akasema. "Mbona kadumaa?"

Nikamwambia ndiyo mama, ni lumbu, dagaa wa kwetu, ila wa huku wanakuwa wadogo kuliko wa kwetu, ndo wale waliohamishwa zamani. Akala kimya. Akaongeza. Jumapili wakati narudisha funguo nikamkosa, namkuta sokoni anabishana bei na mama mmoja wa Kitonga, yeye Kiswahili mwenzake Kitonga na wanaelewana vizuri tu, ameshapimiwa kilo tatu za kapenta wakavu. Nikamwambia mama, unabeba dagaa kupeleka Kigoma? Watu watakucheka.

Akafunga mfuko fundo mbili, akauweka magotini, akasema, "Hawa wamekaa ugenini tangu sijaolewa. Waache wakaone kwao."