Anti, mtoto hapokei simu yangu!

Wiki hii nimepata barua tatu na zote ni kesi za simu, nimeona nizijibu kwa mkupuo.

Shikamoo anti. Niko Morogoro, nina miaka 43, mama wa watoto wawili. Kijana wangu wa kwanza kazaliwa 2010, saa hizi yuko likizo kwa shangazi yake Dar. Anti, huyu mtoto nikimpigia hapokei, inaita mpaka inakata, alafu hata dakika haijaisha natumiwa meseji "sema maza". Hakuna shikamoo hakuna nini. Na simu anayo mkononi, namwona yuko onlaini! Nikimuuliza anasema kupiga simu ni mambo ya kizee siku hizi watu wanatuma voisi. Hii ni dharau au ndo kizazi chenyewe?

Marahaba mdogo wangu. Kwenye shikamoo niko upande wako moja kwa moja, hata kama ni "shkm" aandike tu, haimpunguzii bando. Ila hilo la kutopokea tuliangalie vizuri.

Wewe simu umeijua ikiwa na bei. Vodacom wameingia nchini 2000, kama hesabu yangu iko sawa ulikuwa binti wa miaka 18 hivi, unajua mwenyewe vocha ya kukwangua ilivyokuwa inauma. Ndo maana mkawa mnabipu, moja nimefika, mbili nipigie, na ole wake atakayepokea bipu kwa bahati mbaya akakula salio la mtu. Meseji nayo herufi 160, ukizidisha unakatwa ya pili, mkaanza "xaxa", "cjui", "2onane kexho", walimu wa Kiswahili wakalia kwamba lugha imekufa. Waliokuwa wanaandika hivyo si ni nyie nyie? Sa ukiwa umekulia hapo, mtu akikupigia kabisa, kwa hela yake, unapokea huku umesimama.

Huyo wa kwako kazaliwa mkonga wa intaneti wa baharini wa SEACOM umeshafika Dar, Julai 2009. Hajakuta ile intaneti ya setilaiti tuliyokuwa tunaifuata intaneti kafe, umelipia nusu saa macho yako kwenye saa ya ukutani kuliko kwenye Yahoo, picha moja inafunguka kuanzia nywele, inashuka taratibuuu, haijafika kidevuni muda umeisha. Kwake yeye kuongea, kuandika, kutuma video, vyote vinatoka kwenye bando hilo hilo, hakuna kinachomuuma kwa dakika, kwa hiyo simu ikiita ghafla haioni kama heshima, anaona kama mtu kaingia chumbani bila hodi, na cha kwanza anachowaza ni msiba. Ile "sema maza" kwake ndo karibu.

Na usidhani utoto wa kuwazidi wakubwa kwenye simu umeanza na huyo. Baba yangu alikuwa na ile simu ya kuzungusha, katia kikufuli kidogo kwenye tundu la namba ili tusipige, funguo anatembea nayo mfukoni. Tukagundua ukigonga-gonga kile kitufe cha kukatia, ukitaka tatu unagonga mara tatu, unatulia kidogo, unagonga namba inayofuata, simu inaita! Bili ilipokuja mzee alienda kugombana na watu wa simu, na hatukusema mpaka amezeeka.

Sasa fanya hivi. Mwambie jambo la kawaida utatuma meseji kwanza, ndo hodi yenyewe, ila ukipiga mara mbili mfululizo apokee hata kama yuko bafuni. Yaani bipu mbili. Na wewe ukishakubaliana nae usipige mara mbili kuuliza kama amekula.

Anti habari. Mimi kijana wa Mwanza. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, anafowadi kila kitu kwenye grupu la familia, majani ya kuponya sukari, "tuma kwa watu 10 usipuuze", sauti za watu wasiojulikana. Juzi katumiwa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", alibakisha kidogo atume laki na nusu. Nikamsema hapo hapo kwenye grupu, na mashemeji wamo. Akalefti. Wiki ya pili hajarudi.

Ulichosema ni kweli ila umekosea pa kusemea, mbele ya mashemeji jamani! Kwanza nenda ukamwone. Sio voisi, nenda.

Alafu elewa mzee wako katokea wapi. Yeye habari alizijulia kwenye redio, RTD yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, sauti moja nchi nzima, taarifa ya habari ikianza nyumba nzima kimya. Matangazo ya vifo yalisomwa humo, ukisikia jina la ndugu yako unafunga mzigo unapanda basi, hukuwa na wa kumuuliza "hii ni kweli?" na hukuhitaji. Mtu aliyelelewa hivyo ukimpa sauti nzito yenye Kiswahili sanifu inasema majani fulani yanatibu sukari, lazima aiamini, masikio yake yamefundwa hivyo. Wewe umekulia kwenye feki ndo maana unazinusa.

Usimfundishe, mpe kazi. Hizo meseji za matapeli zinafowadiwa kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, pamoja na namba iliyotuma. Mwambie baba mimi sina muda, naomba wewe uwe unazipitia za familia nzima, yeyote akipata ya hela anakuletea kwanza. Mwalimu mstaafu ukimpa makosa ya kusahihisha umemfufua. Hizo za majani itabidi uwe mvumilivu, mimi mwenyewe dada yangu bado ananitumia. Cha muhimu dawa za hospitali asiache.

Anti mimi nina miaka 16, Tanga. Mama kaweka stetasi picha yangu nina miaka miwili naogeshwa kwenye karai, marafiki zangu wote wameskrinishoti. Nikimwambia afute anacheka.

Pole mama. Zamani mgeni akifika, wakati chai inachemka anapewa albamu, na hiyo ya karai ilikuwemo kwa kila mtu, mama yako bado anadhani stetasi ni albamu, mgeni akiaga inarudi kabatini. Mwonyeshe hizo skrinishoti zenyewe, ataacha kucheka. Ila kabla hajafuta mwambie akutumie kwanza, maana kama ipo kwenye simu yake tu, siku ikitumbukia chooni na karai limeenda.