Maswali ya Wasomaji: Unakanyaga Mafuta Mpaka Chini, Gia Haishuki

SWALI: Hamjambo mafundi. Nina Mercedes W123, 230E ya mwaka 1983, otomatiki. Gia zinapanda vizuri bila kuteleza. Shida ni kulipita gari jingine. Nikiwa nyuma ya lori la miwa pale Lugazi nakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inaguna tu, gari halichomoki. Fundi mmoja amesema giaboksi imekufa, ishushwe. Nimpe kazi?
*Msomaji, Jinja*

JIBU: Usimpe bado. Jaribu hivi kwanza: barabara ikiwa tupu, gari likiwa kwenye D na spidi kama kilomita 60 kwa saa, shusha mkono wa gia nafasi moja. Injini ikipandisha sauti na gari likavuta, klachi na bendi za ndani, yaani vibano vinavyoshika gia, ni nzima. Kinachokosekana ni amri ya kushuka, yaani kikidauni, na amri hiyo inatoka nje ya giaboksi.

Ndani ya giaboksi hizi za zamani kila valvu ya gia inasukumwa na oili kutoka pande mbili. Upande mmoja ni presha ya gavana, ambayo inaongezeka kadiri gari linavyokimbia na inataka gia ipande. Upande wa pili ni presha inayofuata mguu wako kwenye mafuta, nayo inaizuia gia isipande mapema. Ukikanyaga mpaka chini kabisa, kikidauni inafungulia oili ya ziada upande huo wa pili, gavana inashindwa, gia inashuka. Lakini gari likiwa tayari limekimbia sana, gavana haishindwi na gia inabaki ilipo. Hapo si ugonjwa, giaboksi inailinda injini isipasuke. Kwa hiyo usiipime ukiwa kwenye kilomita 120.

Kwenye W123 amri hiyo inapita kwenye umeme: swichi chini ya pedali ya mafuta, fyuzi, waya, na solenoidi (valvu inayovutwa na sumaku ya umeme) iliyofungwa kwenye mwili wa giaboksi. Anza na kapeti. Ndiyo, kapeti. Matandiko mazito ya mpira tunayoweka juu ya yale ya kiwandani yanaizuia pedali isifike kwenye swichi, na tumeona watu wakinunua solenoidi bure kwa ajili hiyo. Yaondoe, kisha fungua ufunguo bila kuwasha injini na ukanyage pedali mpaka uvuke ule ugumu wa mwisho. Mwenzako aliyeinama karibu na giaboksi asikie “tak”.

Asiposikia, nenda kwenye fyuzi. W123 inatumia zile ndogo zenye ncha mbili zilizochongoka, na ncha hizo zinaota kutu hata kama waya wa fyuzi haujakatika. Zizungushe kwa kidole mara kadhaa, au badilisha. Bado kimya? Chomoa waya wa solenoidi, uguse kwa taa ya kupimia huku pedali iko chini. Taa isipowaka, tatizo liko kwenye swichi au waya. Ikiwaka, peleka volti 12 moja kwa moja kwenye solenoidi kutoka kwenye betri, kupitia waya wenye fyuzi. Ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi betrini, inapita kwenye mwili wa giaboksi. Isipolia, imekufa: fungua, weka nyingine pamoja na oringi mpya (pete ya mpira ya kuzuia oili isivuje), kisha pima kiasi cha oili. Ikilia lakini gari bado halishushi gia barabarani, hapo ndipo umwite fundi wa kufungua valvu.

SWALI: Toyota Cressida yangu ya miaka ya 1980 ilibadilishiwa kabureta. Waya uliokuwa unatoka kwenye kabureta kwenda giaboksi haukufika kwenye ile mpya, fundi akauacha unaning'inia. Anasema ni wa kikidauni tu, gari litatembea. Kweli linatembea, ila gia zinapanda haraka mno.
*Msomaji, Arua*

JIBU: Liegeshe leo. Maneno ya fundi wako ni kweli kwa baadhi ya giaboksi za Marekani. Kwenye TH350 ya General Motors, kwa mfano, kebo (waya kama huo wako) ni ya kikidauni tu, na presha inaongozwa na mvuto wa hewa wa injini. Toyota haiko hivyo. Kebo yake inazungusha kijiti ndani ya giaboksi kinachoamua pia presha inayobana klachi. Ikining'inia, giaboksi inadhani mguu wako hauko kwenye mafuta, inapunguza presha, na klachi zinateleza wakati injini inavuta kwa nguvu zote. Zinaungua polepole bila wewe kusikia kitu. Chomoa stiki ya oili ya giaboksi uinuse: oili nyekundu isiyo na harufu, umewahi. Ikiwa ya kahawia yenye harufu ya kuungua, jiandae kwa gharama.

Kuirudisha si kazi ngumu. Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage mafuta mpaka chini na kushikilia. Angalia kwanza kama kipepeo cha kabureta, yaani kile kibati kinachopitisha hewa, kimefunguka chote. Kama hakijafunguka, rekebisha waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta kabla ya kitu kingine. Kisha tazama kebo ya giaboksi inapotoka kwenye kofia yake ya mpira. Utaona kinundu kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye waya. Pedali ikiwa chini, nafasi kati ya kinundu na mwisho wa kofia iwe milimita 0 hadi 1. Ikizidi au ikipungua, legeza zile nati mbili zinazobanana kwenye braketi, sogeza ganda la kebo, kaza, pima tena. Kebo ikilegea, gia zinapanda mapema na klachi zinateleza. Ikikazwa mno, zinachelewa na kupiga kwa kishindo.

Shida yako kubwa itakuwa mkono wa kabureta mpya. Ukiwa mfupi kuliko wa zamani, kebo haitavutwa urefu unaotakiwa hata ukizungusha nati siku nzima. Hamisha mkono wa kabureta ya kwanza, au tafuta kabureta ya injini hiyohiyo.

Kebo ikiwa imekatika, kuibadilisha kunadai kushusha sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) na kitalu cha valvu, kwa sababu inanasa kwenye kijiti ndani. Oili itakayotoka ni kama lita 2 hadi 3. Nyingine inabaki kwenye konvata, kile chombo cha oili kati ya injini na giaboksi. Soma maandishi ya stiki kabla ya kununua: Toyota za mapema zilitumia oili ya aina ya Type F, za baadaye Dexron II. Boliti za sampo zikazwe kidogo tu. Ukizikaza kama za gurudumu, sampo inapinda na inaanza kudondosha.

SWALI: 240D otomatiki, W123. Gia zinapanda kwa kishindo, na nikizima ufunguo injini inaendelea kunguruma. Je, kikidauni imenasa?
*Msomaji, Kabale*

JIBU: Hapana. Dizeli hiyo ina pampu ya vakyumu (mvuto wa hewa) ambayo, mbali na kusaidia breki, inafanya kazi tatu: kuzima injini, kufunga milango, na kulainisha gia. Pakivuja mahali pamoja, hizo tatu zote zinaumwa. Chomoa paipu nyembamba inayokwenda kwenye milango, uzibe tawi lake, kisha tembeza gari. Gia zikilainika na injini ikazimika kwa ufunguo, mpira ndani ya kifungio cha mlango mmojawapo umepasuka. Rudisha milango mmoja baada ya mwingine mpaka kishindo kirudi, na huo ndio mlango wa kufungua.